Picha Iliyogoma Kukauka

Kijijini Mungaa walisema Peniel amevimba kichwa. Walisema hivyo kwa sababu alipishana na mzee Nathanaeli kwenye njia ya kisimani, mchana kweupe, karibu kabisa, na hakutoa shikamoo. Hakugeuka, hakukohoa, alipita tu kama anayepita kando ya kichaka. Sasa kwetu huku mtu anaweza kusamehewa mengi. Anaweza kulewa akalala mtaroni, anaweza hata kuachia ng'ombe wake wakaingia kwenye mtama wa jirani, na bado yakazungumzika. Lakini mtu mzima, aliyelelewa akaleleka, apite mbele ya mdogo wa baba yake bila shikamoo? Huyo ana lake jambo. Ama amepata utajiri wa siri, ama amerogwa, ama ni dharau tu.

Peniel hakuwa na hata kimoja katika hayo. Hakumwona.

Mwaka uliotangulia alikwenda kliniki ya macho mjini Singida kwa sababu ya kuumwa kichwa, akidhani atapewa miwani kama watu wengine. Wakamkalisha mbele ya mashine, wakamwambia akaze macho kwenye nukta ya katikati na abonyeze kitufe kila aonapo mwanga mdogo pembeni. Peniel akakaa, akakaza macho, akangoja. Alibonyeza mara chache sana, na muda wote aliwaza kwamba mashine ile ni mbovu, taa zake nyingi zimekufa.

Taa hazikuwa zimekufa. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya, alimweleza kwamba ana presha ya macho. Ugonjwa huu, alisema, huanza kula pembeni, ukaja taratibu kuelekea katikati, na hauumi wala hauwashi, ndiyo maana mtu hushtuka ukiwa umeshakula sana. Kilicholiwa hakirudi. Matone yatapunguza mwendo wake.

"Na hiki kilichobaki, daktari?"

"Tutakilinda kadiri tutakavyoweza, mzee."

Peniel alirudi Mungaa na lile neno "kadiri", akaliweka moyoni likamkaa vibaya. Alikuwa anajua upofu. Baba yake mkubwa, Simeoni, alipofuka Peniel akiwa mdogo. Waliomtunza walimpenda, hilo lisisahaulike. Asubuhi walimkalisha kwenye kigoda penye ukuta, kivuli kikihama wakamhamisha, jioni wakamwingiza ndani pamoja na mahindi yaliyoanikwa. Hakuna aliyemwuliza tena neno la shamba, la mahari wala la ng'ombe. Watu walizungumza juu ya kichwa chake. Peniel alikuwa akimwogopa mzee yule, na sasa akajiogopa mwenyewe.

Kwa hiyo alinyamaza. Hata mkewe Dorkas hakumwambia. Chupa ya matone aliificha ndani ya kopo la brashi, akasema kichwa kimepona. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," ndivyo wasemavyo wahenga, na maneno hayo Peniel aliwahi kuyaandika kwa mkono wake nyuma ya basi, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheupe. Lakini kuandika ni jambo moja na kusikia ni jingine.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuandika. Kuanzia Mungaa hadi Ikungi, ukiona neno limesimama vizuri ukutani, la duka, la saluni, la mashine ya kusaga, la kukataza watu wasikojoe hapo, jua ni Peniel. Sasa mabango ya kuchapwa yameingia kutoka mjini, yana picha za watu wanaocheka, na fundi wa brashi huitwa pale tu ukuta unapokuwa mrefu kuliko bango. Maisha yake yote ameandika maneno ya watu wengine. Hakuwahi kulalamika. Alikuja kulalamika siku alipoiona ile picha.

Aliiona shuleni. Sekondari moja upande wa Ikungi walimwita aandike wito wa shule ukutani, na alipoingia darasani kuomba maji ya kuoshea brashi akakuta picha kubwa imetundikwa ndani ya fremu ya kioo. Mbingu ilichukua zaidi ya nusu, mawingu yamejaa mvua isiyotaka kunyesha. Chini yake maji ya kijito, na ng'ombe wamesimama ndani ya maji. Mmoja anakunywa. Mmoja, mwekundu mwenye paji jeupe, ameinua kichwa anamtazama mtu anayemtazama. Nyuma yao miti, na njia inayokwenda ikapotea mbali. Peniel alikulia machungani. Ng'ombe yule mwekundu alimjua. Kila zizi lina mmoja wa namna hiyo, wa mwisho kuondoka majini, anayekupima kwanza kama una fimbo.

"Shikamoo, mzee," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa mwalimu wa sanaa, binti mwembamba aitwaye Martina.

"Marahaba. Mwalimu, hii imepigwa na kamera?"

"Hapana, mzee. Ni mkono wa mtu. Mchoraji wa zamani sana, wa Ulaya, na hii ni chapa tu ya kazi yake. Alichora kwa rangi za mafuta."

"Rangi ya mafuta naijua. Ndiyo hii niliyonayo hapa."

"Si ya kopo hiyo, mzee. Hii inakuja kwenye mirija kama dawa ya meno. Unapaka tabaka jembamba, unangoja likauke, unapaka jingine. Wingu hilo unaloliona lina matabaka mengi."

Peniel alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mtu anajifunzaje?"

"Kwa kuiga. Wote walijifunza hivyo. Unakaa mbele ya kazi ya bwana mkubwa, unaifuata hatua kwa hatua, mpaka mkono wako ujue alichokijua yeye. Ila haitaki haraka. Rangi hii ni ya watu wasio na haraka."

Peniel nusura acheke, na nusura alie. Alikwenda akamaliza wito wa shule, herufi zikanyooka kama kawaida yake, na kabla hajafika nyumbani alikuwa amekata shauri. Atachora picha ile. Moja tu, kwa mafuta, kwa mkono wake, kabla giza halijafika katikati. Ataiona imekamilika kwa macho haya haya. Baada ya hapo wamweke kwenye kigoda wanapotaka.

Martina alimfundisha jioni baada ya vipindi, bila kumdai kitu, kwa sababu alikuwa na hamu ya mwanafunzi anayetaka. Alimfundisha kuchora mstari bila kuandika herufi, kupata kijani kwa kuchanganya badala ya kununua, na kwamba tabaka la chini hupakwa rangi isiyo na mafuta mengi, na la juu yenye mafuta zaidi. Kisha uhamisho ukaja, kama ujavyo kwa walimu wazuri, na Martina akapelekwa Itigi. Aliondoka amemwachia Peniel picha na fremu yake, mirija ya rangi, kipande kikubwa cha turubai kilichowambwa kwenye mbao, na kichupa kidogo cha mafuta ya kuchanganyia.

Kichupa hakikukaa. Peniel ana mkono wa fundi wa kopo, anayechovya brashi mpaka shingoni, na kabla hata hajaanza picha yenyewe alikuwa amekimaliza kwa mazoezi. Alikwenda mjini akauliza kwenye maduka ya rangi. Wakamwonyesha rangi za ukuta, wakamwonyesha vanishi, mwisho wakamwonyesha mlango. Kumpigia Martina aliona haya. Binti wa watu amekupa kila kitu, utampigia kumwambia umemaliza chupa?

Ndipo akakumbuka. Martina alisema mafuta yale hukamuliwa kwenye mbegu za mmea. Na kweli yalikuwa ya manjano, mepesi, yenye harufu ya shamba. Sasa wewe mwambie mtu wa Singida habari za mafuta ya manjano yanayokamuliwa kwenye mbegu, halafu utegemee awaze kitu kingine.

Ilikuwa ndio wametoka kuvuna. Dorkas alikuwa amepeleka alizeti yao mashineni Ikungi, akarudi na madumu, na dumu la kwanza aliliweka kando kwa ajili ya nyumbani kama afanyavyo kila mwaka. Peniel akamwomba kidogo kwa ajili ya kazi yake. Dorkas alifurahi. Ilikuwa muda mrefu mumewe hajamwomba kitu chochote, wala hajazungumza naye zaidi ya maneno ya lazima. Alimjazia chupa ya soda mpaka juu.

"Chukua, Baba Eliana. Haya ndiyo ya mwanzo, safi kabisa. Hayana mchanganyiko."

Na rangi iliyapokea vizuri ajabu. Brashi iliteleza, bluu ikang'aa, mawingu yakafunguka chini ya mkono wake kwa namna ambayo hata Martina hakumwonyesha. Kibanda chake cha kazi, chumba cha udongo kando ya nyumba chenye dirisha moja, kilijaa mbingu. Siku zile Peniel alikuwa na furaha, na ni haki isemwe. Aliimba nyimbo za kwaya akiwa peke yake, akakosea sauti ya pili, akarudia.

Kisha akangoja tabaka la kwanza likauke.

Alingoja. Alifanya kazi nyingine, akarudi, akagusa kwa kidole, kidole kikatoka bluu. Akangoja tena. Kiangazi kiliingia, ule upepo wa kwetu ukaanza, usio na adabu, ukaleta vumbi na makapi ya alizeti kutoka uwanjani ambako Dorkas alikuwa akipura kiasi kilichobaki, na yote yakaja kunasa mbinguni. Peniel akawa anayatoa moja moja kwa sindano. Aliziba dirisha kwa gunia, nzi wakapita mlangoni. Aliitoa picha juani, na mawingu yakaanza kuteremka polepole kwenye kijito. Aliirudisha ndani akaiwekea jiko la mkaa mbele yake, kibanda kikanuka maandazi mpaka jirani akauliza kuna sherehe gani. Alicheka pamoja na jirani. Jirani alipoondoka alikaa chini akashika kichwa.

Maana wakati rangi imesimama, ugonjwa haukusimama. Alimimina chai pembeni ya kikombe. Alikanyaga kifaranga. Wanasema mwenda pole hajikwai, lakini Peniel alikuwa akienda pole na akajikwaa vile vile, kwenye kamba ya mbuzi, kwenye jembe, kwenye kizingiti cha nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kila asubuhi alisimama mahali pamoja kibandani, akakaza macho kwenye paji la ng'ombe mwekundu katika picha ya Martina, akapima anaona mpaka wapi bila kuyasogeza macho. Zamani alifika kwenye pembe za ng'ombe wa pili. Sasa aliona kichwa kimoja tu, na kando yake ukungu usio na rangi. Akagusa turubai yake. Bado mbichi. Alikuwa na hofu ya mtu anayesubiri basi la mwisho huku giza linaingia.

Hapo katikati ndipo alipompita mzee Nathanaeli.

Mzee hakunyamaza. Jumapili baada ya ibada wakaitwa nyumbani kwake, ukoo mzima, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mikeka. Mzee Nathanaeli alieleza bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema si mara ya kwanza. Alisema watu watatu wengine wamepitwa vile vile bila salamu. Akauliza, "Mwanangu, tumekukosea nini?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu, "sikuoni," na mkutano mzima ungegeuka kuwa wa kumlilia. Lakini Peniel alimwona moyoni marehemu Simeoni kwenye kigoda chake, akaona mikono inayomgeuza, na ulimi ukakataa. Aliinuka, akauona uso wa mzee katikati ya ukungu, akaufuata, akashika mkono wake kwa mikono miwili.

"Nimekosa, baba mdogo. Ni kiburi. Naomba unisamehe."

Watu wakaguna. Kiburi ni kosa ambalo mtu hulikana hata akishikwa nalo mkononi, na huyu analikiri mwenyewe, tena mbele ya wanawake. Mzee akamsamehe, ila kwa shingo upande. Dorkas aliinamisha kichwa. Alikuwa amewaambia watu wote kwamba mume wake si mtu wa namna hiyo.

Kurudi nyumbani alitangulia mbele. Peniel alimfuata kwa kukaza macho kwenye kanga yake, na yeye akazidi kukaza mwendo, na penye kona ya miiba kanga ikatoka kwenye lile tundu dogo alilobaki nalo la kuonea, ikapotea.

"Mama Eliana, ningoje!"

Dorkas alidhani anataka kusuluhisha. Hakungoja. Peniel alifika nyumbani peke yake, amechanika mkono.

Kesho yake alimpigia Martina, haya zote zikiwa zimemwisha.

"Shikamoo, mzee Peniel! Picha imefika wapi?"

"Marahaba, mwalimu. Imegoma kukauka. Tangu mavuno mpaka sasa ni ile ile."

"Tangu mavuno? Unachanganya na nini?"

"Na mafuta. Ya alizeti, ya shambani kwetu, safi kabisa."

"Mzee," Martina alisema taratibu, "alizeti ni ya kupikia. Yale niliyokupa yalikuwa ya mbegu za kitani, hayo hukauka yenyewe yakawa magumu. Alizeti nyingi namna hiyo itabaki inanata, pengine mwaka, pengine zaidi. Na ukipaka tabaka jingine juu yake litakuja kupasuka. Pole sana. Kosa ni langu, sikukuandikia jina. Lakini si neno, mzee. Futa tu uanze upya. Muda unao."

Peniel alisema asante. Akamwambia awasalimie wanafunzi wake. Kisha akaweka simu dirishani, akachukua kisu cha kukwangulia rangi za zamani, akaanzia juu, kwenye wingu kubwa kuliko yote.

Dorkas alimkuta hivyo alipoleta ugali wa mchana. Alisikia kabla hajaona. Ni sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mumewe, hata siku walipomzika mama yake. Peniel alikuwa akikwangua na kulia kwa sauti, mikono imejaa bluu mpaka kwenye viwiko, usoni bluu na kamasi.

"Baba Eliana! Una nini? Nani amekufa?"

"Sioni," alisema Peniel.

"Huoni nini?"

"Sikuoni wewe. Nakuona mdomo tu. Nikitazama mdomo, macho yako hayapo."

Akasema yote. Mashine ya taa, daktari, matone ndani ya kopo, mzee Nathanaeli njiani. Dorkas alisimama na ugali mkononi mpaka mlenda ukapoa. Kisha akauweka chini, akamwendea, akampiga ngumi begani, na nyingine, ngumi zisizo na nguvu.

"Ulisema ni kiburi! Mbele ya ukoo, ukasema ni kiburi!"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuacha kwenye miiba!"

"Hukujua."

"Ningejuaje? Nani aliniambia? Nimelala na wewe mwaka mzima nikidhani umenichoka, kumbe umekaa na ugonjwa wako kama hawara!" Alikuwa analia sasa na yeye, kwa hasira kwanza, hasira ikaisha, kilio kikabaki. "Na mafuta yale nilikupa mimi. Kwa mkono wangu."

"Nilikuomba mimi, mke wangu."

Alitaka kwenda saa ile ile kwa mzee Nathanaeli kumsafisha mumewe jina. Peniel alimshika kanga. Alimsihi, na hakuwa mtu wa kusihi. Mpaka picha iishe, alisema. Wakishajua, watamwonea huruma, na mtu anayeonewa huruma haachwi peke yake na brashi. Aimalize tu, aione, kisha Dorkas atangaze hata kanisani. Dorkas alimtazama mtu wake aliyepakaa mbingu, akakubali, ingawa moyo ulimuuma kukubali. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemtia matone.

Mafuta mabaya yalikuwa na fadhila moja. Kwa kuwa hayakukauka, yalifutika. Walisugua turubai kwa matambara na tapentaini mpaka likabaki na doa la kahawia tu, na Peniel akaanza tena, safari hii bila mafuta yoyote, rangi moja kwa moja kutoka kwenye mrija. Aliweka sharti moja, sharti la mafundi wote wa brashi: mwenye kazi hatazami mpaka kazi iishe. Dorkas alilitii. Mvua zilikuwa zimeanza, alikuwa na shamba la kulima peke yake, na jioni alipompelekea chai aliiacha mlangoni.

Hakuwa anachora tena, alikuwa akivuna kabla ya wezi. Akitazama jicho la ng'ombe, pembe zimekwenda. Akitazama pembe, jicho halipo. Ilimbidi asafirishe kichwa, kutoka kwenye picha ya Martina hadi kwenye turubai, amebeba kipande kidogo cha ng'ombe akiwa na hofu ya kukidondosha njiani. Mbingu aliifanya kwa vipande, kama mtu anayeezeka. Siku za mawingu mazito hakuweza kitu, akakaa mikono magotini akimwomba Mungu jua. Kuna siku aligombana na Mungu waziwazi, akamwambia kama ni kuchukua, achukue yote mara moja, asiwe anadokoa. Kesho yake aliomba radhi na kuendelea.

Rangi ilikauka. Polepole, lakini ilikauka. Alipaka tabaka la pili, la tatu. Mwisho ulibaki upande wa kushoto, kivuli kizito chini ya mti, na huko Peniel hakufanya pupa. Alichanganya kahawia na bluu, kahawia na kijani, akakipa kivuli kile baridi ya kweli, ya mahali ambapo mchungaji angelala mchana. Aliweka brashi chini. Aliyasafirisha macho kwenye picha nzima, kipande kwa kipande, juu mpaka chini. Mbingu ilikuwa mbingu. Maji yalikuwa maji. Ng'ombe mwekundu alimtazama na kumpima.

Alikuwa amewahi. Macho yalikuwa bado yapo, na picha ilikuwa imekwisha.

"Mama Eliana!" aliita mlangoni. "Njoo utazame!"

Dorkas alinawa mikono kwanza, akajifunga kanga safi kama anayekwenda kumwona mgeni. Aliingia. Peniel alisimama kando ya picha zote mbili, ya Martina ukutani na yake kwenye kiegemeo, akangoja, na kwa kuwa hakuweza kuuona uso wa mkewe wote alichagua kuutazama mdomo. Ulitabasamu.

"Huyu mwekundu," alisema Dorkas, "huyu ni mkaidi. Huyu lazima anyang'anywe maji." Akasogea. "Na mvua hii inakuja. Kweli inakuja, Baba Eliana. Ningekuwa nimeanika kitu ningekimbia." Alikuwa anatazama huku na huku, yake, ya Martina, yake. Kisha mdomo ukatulia.

"Na huyu mwanamke je?" aliuliza. "Mbona yeye hukumweka?"

"Mwanamke gani?"

"Huyu hapa. Chini ya mti."

"Hapo ni kivuli."

Ile ilikuwa nafasi ya kusema uongo, na wengi wetu tungeusema, tungesema kweli ni kivuli, macho yangu yamenidanganya. Lakini Dorkas alikuwa ameishi mwaka mzima ndani ya uongo wa mtu anayempenda, na alijua unavyochoma. Alimshika mumewe kidole, akakiweka kwenye kioo cha picha ya Martina, kwenye kona ya kushoto.

"Hapa, mume wangu. Kuna ng'ombe mwingine pia. Amekaa anamkamua."

Peniel alisogeza uso mpaka pumzi ikafanya ukungu kwenye kioo. Aliufuta. Alitafuta kando ya kidole chake, juu, chini, polepole. Kwanza alipata ndoo. Kisha mkono. Kisha kitambaa cheupe kichwani, kilichofifia, na mgongo ulioinama. Aliwapata vipande vipande, mwanamke mzima na ng'ombe mzima, mahali alipokuwa ametazama tangu siku ile darasani Ikungi. Tangu siku ya kwanza, basi. Kabla ya kichupa, kabla ya alizeti, kabla hajaanza kukimbizana na chochote, hiki kilikuwa kimeshachukuliwa, na yeye hakujua kwamba amenyimwa.

"Nilikifanyia kazi sana," alisema. "Kivuli kile."

Dorkas alimkalisha kwenye kopo la rangi lililogeuzwa. Alikaa hapo akiwa na huzuni isiyo na machozi, amegeuzia uso mahali ambapo mwanamke yule hakuwepo. Dorkas alichuchumaa kando yake. Nje kuku walikuwa wakigombania makapi.

"Ana sura gani?" Peniel aliuliza.

Dorkas alisimama, akainama mbele ya picha ya Martina, akatazama kwa makini.

"Ameinama," alisema. "Uso umeingia ubavuni mwa ng'ombe. Hauonekani."

"Hata wewe huuoni?"

"Hata mimi siuoni."

Peniel alishusha pumzi. Alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata brashi, na Dorkas akamshika kiwiko kumwonyesha pa kuanzia, pale kwenye kivuli.